GTO yangu ya kwanza nimeipata tena, ila injini haimo: nianzie wapi?

Swali: Mwaka 1981, nikiwa mwanafunzi hapa Texas, nilinunua Pontiac GTO ya 1968 iliyokwishapita mikononi mwa watu. Ndilo gari langu la kwanza maishani. Niliiuza 1986 kwa sababu ya ada. Mwaka jana kijana wangu alianza kuulizia kwa watu wa klabu za Pontiac akiwa na namba ya chesisi iliyokuwa kwenye karatasi zangu za zamani za bima, na tukaikuta bandani kwenye shamba moja kusini mwa Fort Worth. Nimeinunua. Ni ileile. Lakini injini iliyomo ni ya Chevrolet, giaboksi ni otomatiki wakati yangu ilikuwa na gia nne za mkono, na aliyeniuzia anasema yeye aliikuta hivyohivyo. Nataka injini yake yenyewe na giaboksi yake yenyewe. Je, vinapatikana? Na nitajuaje kwamba ninachoonyeshwa ndicho? (Msomaji wa Fort Worth, asili yangu Tanga)

Jibu:

Kaka, hongera sana. Wengi hapa Marekani hulitafuta gari lao la kwanza mpaka wakazeeka bila kuona hata kipande chake. Wewe una bodi na chesisi, na kisheria hizo ndizo gari. Vilivyobaki ni viungo vyake.

Kwa kifupi: giaboksi ina nafasi nzuri kuliko unavyodhani, injini ina nafasi, na kabureta iliyozaliwa na gari sikupi matumaini nayo. Ila kabla hujatoa hata dola moja, tenganisha mambo mawili. Kuna chuma kilichofungwa kwenye gari lako siku lilipotoka kiwandani, na kuna chuma cha aina ileile, cha miezi ileile, kilichofungwa kwenye gari la mtu mwingine. Cha kwanza kinatafutwa kwa watu. Cha pili kinatafutwa kwa namba, kwenye magulio na kwa wauza spea. Anayekwenda gulioni kutafuta injini yake yenyewe hurudi na injini ya mwingine, na mara nyingine ameilipia kama yake.

Tuanze na gari, kwa sababu ndilo litakalokuambia unatafuta nini.

Namba ya chesisi ya GTO yako iko juu ya dashibodi upande wa dereva, inaonekana kupitia kioo cha mbele. Kama ni ya paa gumu, itaanza na 24237. Tarakimu ya 2 mwanzoni ni Pontiac, 242 kwa pamoja ni GTO, 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa gumu. Ya paa la kukunja ni 67. Inafuata 8, yaani modeli ya 1968, kisha herufi ya kiwanda, kwa mfano P kwa kiwanda cha mji wa Pontiac, Michigan, au B kwa Baltimore. Mwisho ni tarakimu sita za mfuatano. Hizo sita zijue kwa moyo.

Una bahati na mwaka wako. Ilikuwa kuanzia modeli za 1968 ambapo namba ya chesisi ilihamia juu ya dashibodi na sehemu yake ikaanza kugongwa pia kwenye bloku ya injini na kwenye giaboksi. Kwa Pontiac zilizotangulia, injini ilikuwa na mfuatano wake wa namba usiohusiana na chesisi, na bila karatasi za kiwandani huwezi kusema injini hii ni ya gari lile. Wenye GTO za 1964 na 1965 wana taabu zaidi. Wakati ule GTO haikuwa modeli ya kujitegemea. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imekataza injini kubwa kwenye magari ya ukubwa wa kati, na John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakaipitisha ile ya inchi za ujazo 389 kwa kuiandika kama nyongeza ya hiari kwenye gari lao la ukubwa wa kati, Tempest LeMans. Kwa hiyo namba ya chesisi ya gari la 1964 inasema LeMans, basi, na haitaji GTO popote. Yako inajitaja yenyewe.

Kwenye chuma cha gari lako, alama unayoitafuta ni fupi: 2 ya Pontiac, 8 ya mwaka, herufi ya kiwanda, kisha zile tarakimu sita. Kwa gari la Michigan itasomeka 28P na tarakimu sita nyuma yake. Iandike kwenye karatasi na uiweke kwenye pochi.

Sasa karatasi. Pontiac imekufa kama chapa, General Motors ilitangaza kuifunga mwaka 2009, lakini kumbukumbu zake za kiwandani zimehifadhiwa kuliko za ndugu zake wengi. Kuna ofisi inaitwa Pontiac Historic Services, wengi huiita PHS, ambayo kwa ada hukutumia nakala ya hati ambayo kiwanda kilimwandikia muuzaji, kwa magari ya modeli za 1961 hadi 1986. Hati hiyo inaonyesha gari liliagizwa na vitu gani na lilipelekwa kwa muuzaji wa mji gani. Iagize leo. Itakuambia kama giaboksi yako ilikuwa Muncie (ndiyo ile ya gia nne za mkono) ya uwiano mpana au ya uwiano wa karibu, kama injini ilikuwa ya kawaida au ya nguvu zaidi, na difu ya uwiano gani. Wako watu waliohangaika miaka kutafuta kitu ambacho gari lao halikuzaliwa nacho, kwa kuwa walitegemea kumbukumbu ya kijana wa miaka ishirini. Hata wewe, kaka, uliinunua ikiwa na miaka kumi na mitatu. Huenda aliyekutangulia alikuwa amekwishabadilisha kitu.

Karatasi ya pili huenda iko ndani ya gari. Wafanyakazi wa kiwandani walifuata karatasi ya maagizo ya kila gari, na nyingi ziliachwa humohumo: juu ya tangi la mafuta, au zimekwama kwenye springi za viti. Shusha tangi taratibu. Usiruhusu mtu yeyote apulize maji ya presha chini ya gari wala aondoe viti kwa pupa kabla hujaangalia. Karatasi iliyoliwa na panya nusu bado ina thamani kubwa ikiwa nusu iliyobaki ina namba yako.

Cha tatu ni kibati cha Fisher Body kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa injini. Kitakupa rangi ya mwanzo, vitambaa vya ndani, na wiki ya kuundwa bodi. Tuseme kimeandikwa 03B: mwezi wa tatu, wiki ya pili. Hiyo ndiyo tarehe yako ya kupimia kila kitu. Injini haiwezi kuwa imesubiwa baada ya bodi kupata injini.

Baada ya hapo, kagua kilichobaki kabla ya kulilia kilichopotea. Magari yaliyobadilishwa injini mara nyingi hubaki na ekseli yake ya nyuma, nguzo ya usukani, vioo na mabano mengi madogo. Kwenye bomba la ekseli kuna msimbo uliogongwa, ulinganishe na hati ya PHS. Vioo vina herufi ndogo mbili kwenye chapa ya kiwanda zinazoeleza mwezi na mwaka. Vinavyooana na kibati, viandike kwenye daftari, na mwambie fundi asitupe hata boliti. Na ile injini ya Chevrolet isiuzwe bado. Itakufaa, nitakueleza baadaye. Kwa sasa angalia tu imekaa juu ya nini: mikono ya kushikia injini ya Chevrolet si ile ya Pontiac, kwa hiyo aliyeiweka alilazimika kubadilisha au kutoboa upya. Kazi safi inaonyesha gereji yenye uzoefu. Kazi ya kuchoma na kutoboa ovyo inaonyesha mtu wa nyumbani. Hapo umeshapata fununu ya kwanza ya nani wa kumtafuta.

Tufike kwenye watu. Hapa ndipo napenda utumie muda wako mwingi.

Injini ya Pontiac haipotei hivihivi. Ni chuma cha zaidi ya kilo 250, haiwekwi mfukoni, na watu hawapendi kuibeba mbali. Ilitoka kwenye gari kwa sababu, na sababu zenyewe ni chache. Ya kwanza, beringi zilikufa au bloku ikapasuka, mwenye gari hakuwa na hela ya kuijenga, akaweka Chevrolet kwa kuwa spea zake ni rahisi na ziko kila kona. Ya pili, mtu alitaka nguvu zaidi. Pontiac V8 za enzi hizo, kuanzia ya inchi za ujazo 326 hadi 455, zina umbo moja kwa nje, na 455 inaingia pale ilipotoka 400, ambayo ndiyo ya GTO ya 1968, bila shida. 400 iliyotolewa ikasukumwa kwenye kona ya gereji. Ya tatu, mtu alikuwa na Firebird, gari jingine la Pontiac, iliyohitaji injini, akaing'oa ya GTO iliyochakaa bodi akaiwekea Firebird yake. Kwa gari lililoishia kuwa na Chevrolet, naipa uzito sababu ya kwanza na ya tatu. Ukiikuta ya kwanza, bloku iko karibu na mahali ilipofia. Ukiikuta ya tatu, iko ndani ya Firebird fulani, na mwenye nayo labda hajui.

Kwa hiyo tengeneza mnyororo wa wenye gari kuanzia yule uliyemuuzia 1986 mpaka huyu aliyekuuzia juzi. Wewe sasa ndiye mwenye gari, na Idara ya Magari ya Texas ina fomu VTR-275 ya kuombea taarifa za gari, ikiwemo historia ya hati za umiliki. Kuna mipaka: sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 ya kulinda siri za madereva inazuia idara za majimbo kutoa majina na anwani za watu isipokuwa kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria, na utatakiwa kusaini kwamba sababu yako ni mojawapo. Soma fomu kwa makini, usiandike uongo. Na ujue kwamba tovuti za kulipia zinazotoa historia ya magari hazitakusaidia sana, kwani zimejengwa juu ya namba za tarakimu kumi na saba zilizoanza na modeli za 1981. Namba yako ni fupi kuliko hizo.

Mahali karatasi zinapokatika, kanyaga mwenyewe. Rudi kwa aliyekuuzia, mzee wa shamba lile. Usiende na swali la injini mdomoni. Nenda na picha yako ya 1981 ukiwa umeegemea gari, mwonyeshe, kaa naye, msikilize. Kisha muulize: gari lilifikaje hapa, lilikuja kwa miguu yake au kwa trela? Nani alikuwa fundi wako? Aliyekuuzia alikuwa akikaa wapi, alikuwa na magari gani mengine uani? Swali hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na watu hulisahau. Mtu aliyeuza GTO bila injini na alikuwa na Firebird uani amekwishakujibu.

Wale waliokwishafariki, watafute watoto wao. Barua ya karatasi inafanya kazi kuliko simu, maana simu ya mtu asiyemjua, tena mwenye lafudhi ya Tanga, Mmarekani wa kijijini ataikata akidhani anatapeliwa. Andika ukurasa mmoja: wewe ni nani, gari lilikuwa nini kwako, unatafuta nini, na kwamba utalipa bei ya haki na kubeba mwenyewe. Weka picha. Usitaje kiasi. Na sema wazi kwamba hudai chochote, kwa kuwa wapo wanaoogopa kwamba unakuja kuwaambia injini yao ni ya wizi.

Usiwasahau mafundi wa kuchonga injini, wale wenye mashine za kuribo silinda na kunyoosha krenki. Wazee wao wanakumbuka bloku kuliko sura za watu. Katika miji midogo ya Texas gereji za namna hiyo zilikuwa moja au mbili, na kila Pontiac ya eneo zima ilipita humo. Nyingi zina rundo la bloku nyuma ya jengo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Omba ruhusa, chukua tochi na brashi, na uangalie.

Kuhusu giaboksi nimesema ina nafasi nzuri. Sababu ni hii. Muncie ya gia nne, iliyotengenezwa mji wa Muncie, Indiana, ilitumiwa na Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick. Linalotofautiana ni kasha la klachi linalokutana na injini. Giaboksi yenyewe inahama kutoka gari moja hadi jingine. Maana yake ni kwamba ya kwako huenda imo ndani ya Chevelle au Camaro, magari ya Chevrolet. Habari njema ni kwamba wenye Chevrolet wanaojali namba wanataka alama inayoanza na 1, ambayo ni ya Chevrolet. Giaboksi yenye 28P haiwaongezei thamani yoyote. Wako tayari kuibadilisha na nyingine nzima ya aina hiyo, na wengine watafurahi ukiwapa na injini ya Chevrolet juu yake. Ndiyo maana nikakuambia usiiuze. Kwenye matangazo yako, kwa hiyo, usiishie kwa watu wa Pontiac. Tangaza hasa kwa watu wa Chevrolet.

Alama za Muncie ziko upande wa abiria wa kasha: namba fupi ya gari, na tarehe inayoanza na P. P8B20 ni tarehe 20 Februari 1968. Uangalie hapo, kwa kuwa herufi za miezi za Muncie zinaruka: baada ya E ya Mei, Juni ni H na Julai ni K. Anayekusomea kwa kuhesabu alfabeti atakupa mwezi usio sahihi, na unaweza kuikataa giaboksi yako mwenyewe.

Kwenye bloku, alama zipo mbele, upande wa abiria, kwenye uso bapa ninaouita kibao. Utakuta herufi mbili za aina ya injini. Kwa GTO ya 1968 yenye 400 ya kawaida, nguvu farasi 350, WT ni ya gia za mkono na YS ni ya otomatiki. Firebird ya mwaka huohuo ilikuwa na herufi zake, hata kama ilikuwa 400 pia. Utakuta na namba fupi ya gari. Nyuma ya bloku upande huohuo kuna namba iliyosubiwa pamoja na chuma, 9790071 kwa 400 ya mwaka wako, na jirani na distribyuta kuna tarehe ya kusubu: herufi ya mwezi, siku, tarakimu ya mwisho ya mwaka. B128 ni 12 Februari 1968. Kwa gari lenye kibati cha 03B, hiyo inaingia vizuri. Tarehe ya Aprili haiingii kabisa, hata kama zile tarakimu sita ni zako. Ikitokea hivyo, kuna mtu amegonga namba yako kwenye bloku ya mwingine.

Na hilo hutokea. Tena hutokea hasa kwa watu kama wewe, wanaotafuta kwa moyo. Mtu anasoma tangazo lako lenye namba kamili, ana bloku ya 400 isiyo na maana yoyote, ananunua seti ya vyuma vya kugongea, anasaga kibao cha bloku na kugonga tarakimu zako. Baada ya wiki mbili unapigiwa simu yenye baraka tele. Kwa hiyo usitangaze namba yote. Tangaza 28P na tarakimu nne za mwanzo, mbili za mwisho baki nazo. Anayekupigia akutumie picha ya kibao kwanza, ikionyesha bloku nzima na kisha karibu, kabla hujamwambia lolote. Asiyetaka kutuma picha, mwache.

Ukienda kuitazama, safisha kibao kwa dawa ya kusafishia kabureta na brashi laini. Usikubali sandpepa wala brashi ya chuma, hata kama mwenye injini anakuharakisha. Pakaza chaki namba zijitokeze. Kisha angalia uso wenyewe: umekaa sawa na chuma kinachouzunguka, au umeshuka kama uliosagwa? Mikwaruzo imepita juu ya namba, au chini yake? Herufi WT zina uzee uleule wa tarakimu? Kibao kinachong'aa kwenye bloku yenye kutu ya miaka hamsini kina maelezo ya kutoa.

Na ikitokea fundi akakuambia, kwa nia njema kabisa, kwamba atakugongea namba yako kwenye bloku nyingine ili mambo yaishe, mkatalie. Kifungu cha 511 cha sheria za jinai za shirikisho kinamwadhibu anayefuta au kubadilisha kwa makusudi namba ya utambulisho ya gari au ya kipuri. Hata kama sheria isingekuwepo, gari hili ulilitafuta kwa sababu ni lenyewe. Ukweli wa namba zake ndio unaolitofautisha na GTO nyingine zote za mwaka huo, na zilitengenezwa 87,684.

Vilivyobaki navipitia haraka. Kabureta ni Rochester Quadrajet. Namba imegongwa kwenye ubavu wa dereva, itaanza na 7028, na kwa gia za mkono tarakimu ya mwisho ni witiri. Pembeni kuna siku ya mwaka na tarakimu ya mwaka: 0458 ni siku ya 45 ya 1968, yaani 14 Februari. Kabureta haina namba ya gari, kwa hiyo hata ukiishika iliyokuwa yako hakuna wa kuthibitisha. Nunua ya namba sahihi na tarehe inayokaribia, uridhike. Vivyo hivyo distribyuta, alternata na manifoldi. Silinda hedi za 400 ya kawaida ya 1968 zina namba 16 juu yake. Za Ram Air, ile 400 ya nguvu zaidi, ni nyingine, na ni ghali, usizinunue kwa maneno matupu.

Vitu hivi viko gulioni. Wewe uko Fort Worth, na gulio la Pate hufanyika kila masika kwenye uwanja wa mbio wa Texas Motor Speedway, mwendo mfupi tu kutoka kwako. Nenda siku ya kwanza asubuhi na orodha ya namba. Ukiweza kusafiri, Hershey, Pennsylvania, kila Oktoba kuna gulio kubwa la magari ya kale lisilo na mfano. Klabu ya GTO Association of America ina matangazo ya wanachama, na Ames Performance kule New Hampshire wanauza spea mpya za kuiga za Pontiac kwa mipira, nyaya na vitu vya ndani ambavyo hakuna haja ya kuhangaikia vya zamani. Lakini bampa ya mbele, ile ya Endura iliyopakwa rangi ya gari, kama yako bado ipo itunze kwa gharama yoyote inayobebeka. Ndiyo sura ya GTO ya 1968, na mwaka huo jarida la Motor Trend liliipa gari hili tuzo ya gari la mwaka likiisifu bampa hiyo.

Wakati unatafuta injini yako, gari lisikae bila injini. Nunua bloku ya 400 yenye namba 9790071, herufi WT kama inapatikana, na tarehe iliyotangulia kibati chako kwa wiki kadhaa au miezi michache. Jenga hiyo, uendeshe. Iache na namba yake ya asili, iandike kwenye daftari la gari kwamba ni ya gari jingine, na siku ya kuuza au kurithisha mwenye kupokea aambiwe hivyo. Gari la namna hiyo ni gari la heshima, na halikuzuii kuendelea kutafuta.

Ukiipata yenyewe, inawezekana isiwe nzima. Bloku iliyozaliwa na gari inunue hata ikiwa imepasuka, almradi bei ni ya chuma kibovu. Ufa kwenye koti la maji unaweza kushonwa na fundi wa chuma cha kusubu, silinda iliyoliwa inaweza kuwekwa slivu, na kabla ya kuribo mwambie apime unene wa kuta kwa mawimbi ya sauti, kwa kuwa huwezi kujua imeshakatwa mara ngapi. Ikishindikana kabisa, iweke kwenye stendi pembeni ya gari. Iko nyumbani.

Na ikiwa imo ndani ya Firebird ya mtu, inatembea, na mwenyewe haiuzi? Usimsumbue. Mwombe kibali cha kupiga picha kibao, mpe namba yako ya simu na ya kijana wako, na mwambie siku atakapotaka kubadilisha utamletea 400 nyingine iliyojengwa upya, utalipia kazi ya kutoa na kufunga, na gari lake halitalala gereji kwa gharama yake. Mwandikie hayo kwenye karatasi akae nayo. Watu hawa huhama, huumwa, huuza. Karatasi hubaki kwenye droo, na mke au mtoto huikuta.

Hati ya PHS ikifika, nitumie nakala pamoja na picha ya kibati cha Fisher. Nitakuandikia orodha ya namba na tarehe zinazokubalika kwa gari lako, ndipo uanze kuandika barua.